Almasi ya kunolea wembe: ipi ununue, na namba gani usiiamini

Malalamiko yananifikia kwa sura ileile kila mara. Mtu ana wembe wa kukunja, ameupitisha kwenye vinoo vyake hadi cha namba 8000 (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi), na ulikuwa unanyoa kwa upole. Kisha akasikia habari za almasi ya kunolea, yaani chembe za almasi ndani ya krimu au majimaji, akanunua, akapaka kwenye mkanda wa ngozi, akasugua. Sasa wembe unakata unywele ulioshikwa hewani, lakini shingo inawaka na kidevu kimejaa vijipele. Anataka kujua kama almasi haifai kwa nyembe. Inafaa sana. Ila alichouziwa kina walakini, na walakini huo hauandikwi kwenye chupa.

Ugumu wa almasi siuzungumzii, maana kila muuzaji anakuimbia wimbo huo. Ninachokitazama mimi ni kimoja: chembe kubwa zilizojificha katikati ya ndogo.

Chupa iliyoandikwa mikroni 0.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) haina maana kwamba kila chembe iliyomo ina ukubwa huo. Namba ile ni wastani. Ndani mna ndogo zaidi na mna kubwa zaidi, na bidhaa nzuri hutofautiana na mbovu kwa hizo kubwa: zinafikia wapi, na ziko ngapi. Kwa kisu cha jikoni si neno. Kwa wembe ni balaa, kwa sababu ncha ya makali yaliyonolewa sawasawa haifiki hata nusu mikroni kwa unene. Chembe moja ya mikroni 3 ikipita hapo inachimba mfereji, na mfereji ukitokezea kwenye ncha unaacha pengo. Macho hayalioni pengo hilo, shingo italiona. Tena chembe kubwa ndizo zinazosimama juu ya wenzake kwenye mkanda, kwa hiyo ndizo zinazobeba uzito wa wembe na kufanya kazi nyingi. Hazihitaji kuwa nyingi ndipo ziharibu.

Nyingine hazitoki kiwandani zikiwa kubwa. Almasi laini huganda pamoja ikikaa, hasa ndani ya krimu nzito, na kigandamano cha chembe ndogo kinakwaruza kama chembe moja kubwa. Nyingine unaziingiza mwenyewe: umemaliza na ubao uliopakwa almasi ya mikroni 3, hukufuta wembe, ukahamia ubao wa 0.5. Kuanzia hapo ubao huo si wa 0.5 tena.

Kupima si kazi. Pitisha wembe mara chache kwenye ubao mpya uliopakwa, ufute, kisha utazame ubapa wa makali kwa lenzi ya kukuza mara 60. Almasi ya 0.5 iliyochujwa vizuri inaacha mng'ao wa kioo, na mistari yake ni shida kuiona. Ukikuta mng'ao huo umekatwa na mstari mmojammoja mzito unaokimbia hadi kwenye ncha, chupa hiyo ipeleke kwenye visu.

Basi kwa mpangilio wangu, na upendeleo wangu siufichi:

Ya kwanza: almasi ya majimaji ya kampuni ya Jende. Hawa huuza almasi ya fuwele nyingi, yaani kila chembe imeundwa na fuwele ndogondogo zilizoshikana. Ikielemewa inamomonyoka vipandevipande badala ya kuchimba kwa kona moja ndefu, kama inavyofanya almasi ya fuwele moja. Kwa ugonjwa niliousimulia hapo juu, hiyo ndiyo dawa. Kuwa kwake majimaji nako kunasaidia: inatandaa nyembamba, na ukiitikisa vizuri vigandamano vinaachana. Tikisa kweli, si kuigeuza mara moja na kupaka. Nunua 0.5, halafu 0.25 ukipata nafasi. Ya 0.1 ni anasa. Ukiacha makali kwenye 0.25 ukamalizia kwa ngozi tupu, sijui ndevu gani zitakazokushinda. Watu huniambia ni ghali. Ni ghali, ndiyo, lakini matone machache yanatosha ubao mzima kwa muda mrefu, na mwenye kupaka tele anaharibu mwenyewe, kwani chembe zikirundikana zinabingirika badala ya kukata.

Ya pili: DMT Dia-Paste, ile ya mikroni 1 peke yake. Kampuni hii ya Marekani inatengeneza krimu ya 6, ya 3 na ya 1, zote kwenye bomba la sindano. Ya 6 na ya 3 waachie maseremala na patasi zao. Ya 1 imenyooka, haijawahi kunitupia mstari wa ajabu chini ya lenzi. Lakini ielewe kazi yake: inakaa jirani na kinoo cha 8000, hivyo inafufua wembe uliochoka, haiumalizi. Ukinyoa moja kwa moja baada yake utasema almasi ni kali mno, nawe utakuwa umeionea.

Ya tatu: oksidi ya kromi, unga wa kijani wa kung'arishia. Hii si almasi, najua. Naiweka hapa kwa sababu nusu ya wanaoniuliza kuhusu almasi wanahitaji hii tu. Inakata polepole, inasamehe, na baada ya almasi inalainisha ule ukali unaochoma. Chukua unga safi. Vile vipande vya nta ya kijani vya kung'arishia vyuma mara nyingi vimechanganywa na oksidi ya alumini yenye chembe kubwa, na rangi ya kijani haithibitishi chochote.

Mabomba ya bei rahisi yenye alama ya W0.5, W1 na kuendelea: moja laweza kuwa zuri, la pili lenye alama ileile likakukwaruza. Ya visu hayo.

Sasa unaipaka wapi? Hapa watu hununua ngozi ya gharama bila sababu. Ubao wa balsa, mti mwepesi na laini, unatosha, na kwa kazi hii naupenda kuliko ngozi. Nyuzi zake ni laini, kwa hiyo chembe iliyozidi wenzake inadidimia kidogo badala ya kusimama juu. Unanyooshwa kwa karatasi ya msasa iliyolazwa juu ya kioo, na unyooke kwelikweli, maana mkanda unaoning'inia ukilegea huviringisha makali. Mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate, mkono usikandamize, na mwishoni geuza wembe kwa kuubiringisha juu ya mgongo. Mizunguko kumi hivi, kisha jaribu. Kila ubao ukubwa mmoja wa chembe, na namba iandikwe nyuma kwa kalamu isiyofutika. Ngozi yako ya kila siku usiipake almasi hata kidogo. Ikishaingia haitoki, na utabaki unakata chuma kila asubuhi wakati ulitaka kunyoosha makali tu.

Kuhusu wauzaji nina la kusema. Almasi hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Chupa mbili za mililita 30 zinaweza kufanana kwa sura na bei, moja ikiwa na karati tano na nyingine nusu karati, na zote mbili zimeandikwa "almasi" kwa herufi kubwa. Asiyetaja karati anakuuzia maji. Na hii tabia ya kuandika "100,000" kwenye ubao, kana kwamba ni namba ya kinoo! Kipimo cha Kijapani cha JIS, ambacho vinoo vingi hukifuata, kinaishia 8000, chembe zake zikiwa za mikroni 1.2 hivi. Zaidi ya hapo kila mtu anajipigia hesabu yake, na hesabu zao hazilingani. Anayejua anachouza anataja mikroni, anataja aina ya fuwele, anataja karati. Nilimwuliza muuzaji mmoja chupa yake ina karati ngapi. Akanijibu kwamba nikichukua tatu atanipunguzia.