Kurasa mia sita za kushangaa mwanga

Nianze kwa kusema sijatulia bado. Nimemaliza Crossroads of Twilight, kitabu cha kumi cha mfululizo wa riwaya wa The Wheel of Time wa Robert Jordan, juzijuzi, usiku, umeme umekatika, nasomea tochi ya simu, na nilipofika mwisho nikakirusha kochini. Mama akauliza kutoka chumbani kwake, "Kuna nini huko?" Nikamjibu hakuna kitu. Na ndilo jibu lenyewe. Kurasa zaidi ya 600, hakuna kitu.

(Kauli hiyo nitairekebisha baadaye, maana si kweli yote. Ila niacheni kwanza nipumue.)

Unayesoma The Wheel of Time na hujafika kitabu cha kumi, ishia hapa hapa, maana nitamwaga yote.

Mimi huu mfululizo nilianza kwa bahati. Kuna kaka anauza vitabu vya mtumba, anavitandaza chini kwenye turubai karibu na kituo ninapopandia gari, na siku moja mvua ilinibana pale nikaokota cha kwanza, kile cha 1990. Kuanzia hapo nikawa mteja. Kila nikimaliza kimoja narudi, naye ananitafutia kinachofuata kwa wenzake. Urefu haunitishi. Sisi ni watu wa tenzi za beti elfu na zaidi, babu zetu walikaa kitako wakazisikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo asinijie mtu na habari kwamba sina subira.

Sasa, kitabu cha tisa kinaishaje? Kinaishia Shadar Logoth, magofu ya mji uliolaaniwa, pale Rand, shujaa wetu, na Nynaeve, mwanamke wa kijijini kwao, wanapokaa chini kuitakasa saidin, yaani upande wa wanaume wa ile Nguvu ya kichawi. Kwa msiojua uzito wake: zaidi ya miaka 3,000 kila mwanamume mwenye kipaji cha Nguvu alikuwa anaishia kuwa kichaa na kuua ndugu zake, kwa sababu upande wa wanaume ulitiwa uchafu na Mwenye Giza. Na hawa wawili wanausafisha. Adui wanakuja kila upande, wenzao wanawalinda, Nguvu inayotumika pale ni kubwa kiasi kwamba wenye kipaji walioko nchi za mbali wanaihisi. Nilikuwa kwenye mwendokasi nimeshikilia bomba kwa mkono mmoja, kitabu kwa mwingine. Nikapita kituo changu, nikapita na kilichofuata.

Cha kumi nacho kilinipitisha kituo. Nililala.

Maana nilitarajia nini? Nilitarajia kesho yake. Tukio kubwa kama lile limetokea, haya, tuamke tuone dunia imekuwaje. Mwandishi akasema hapana, turudi nyuma kidogo, tumwone Mat, rafiki wa Rand tangu utotoni, alikuwa anafanya nini siku hiyo. Sawa. Mat yuko na kundi la sarakasi, analitoroka jeshi la Seanchan, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, anahisi kitu, anaendelea na safari. Tunafunga. Haya, Perrin, rafiki mwingine wa Rand, je, siku hiyo hiyo? Anamtafuta mkewe. Elayne je? Yuko Caemlyn anagombea kiti cha enzi. Egwene je? Ameuzingira mji wa Tar Valon na jeshi lake. Na kila tunapofika, watu wenye kipaji wanageuza shingo upande ule ule, wanasema, "Mnahisi? Ni nini kile?" Ni saidin inatakaswa, jamani! Mimi najua! Nilikuwepo! Nimeshalipia! Lakini wanawake watu wazima wa Aes Sedai, kile chama cha wanawake wenye kipaji, wenye elimu na miaka mingi, wanaitisha vikao, wananywa chai, wanabishana ni silaha ya adui au ni nini, na mimi nimekaa nawasikiliza kama mtu aliyekuja msibani mapema kuliko wenye msiba.

Rand mwenyewe, ambaye ndiye mwenye hadithi, anachungulia kidogo tu halafu huyo, kaondoka.

Kilichonichoma kuliko vyote ni kuoga. Elayne anaoga. Siyo kwamba tunaambiwa ameoga kisha akaenda mahali. Tunaogeshwa naye. Maji, mapipa, watumishi, nani amekaa wapi, mazungumzo ya madeni, maji yanapoa. Nilikuwa nasoma sehemu hiyo saa za kazi, naiba dakika za chai, na bosi akapita nyuma yangu. Nikajisemea, ningefumaniwa nasoma vita ningejitetea kwamba ilinibidi nijue nani kafa. Sasa nitajitetea na nini, kwamba namsubiri mtu atoke bafuni?

Halafu baadaye nikaja kujua kwamba mhariri wake Robert Jordan alikuwa ni mkewe, Harriet McDougal. Nilicheka peke yangu. Yaani ndani ya nyumba ile hakukuwa na siku mtu alisema, "Baba, hapa pa kuoga tupapunguze"?

Na Faile. Mke huyo wa Perrin ametekwa na Shaido, ukoo wa wapiganaji wa jangwani, tangu mwisho wa cha nane, na anakuja kuokolewa cha kumi na moja. Ina maana hiki chote cha kumi mumewe anasimama kwenye theluji anaangalia mbele. Nampenda Perrin, lakini kuna ukurasa nilitaka nimshike kola.

Nyota moja. Niliandika hivyo kwenye jalada la ndani kwa kalamu ya risasi. Kisha nikafuta.

Nilifuta kwa sababu ya fukusi.

Kuna mji unaitwa So Habor. Perrin anakwenda kununua nafaka, watu wake wana njaa. Wanafika, mji unanuka. Watu wachafu, nguo chafu, wanaongea na wewe huku macho yanakimbia pembeni. Magunia yakifunguliwa, nafaka inatembea. Fukusi. Inabidi ipepetwe nje kwenye baridi, fungu baada ya fungu, na kidogo kidogo unagundua kwamba watu hawa hawakuacha kuoga kwa uvivu. Wanaona wafu wao wakitembea, na hofu imewamaliza mpaka hawana tena nguvu ya kuchota maji. Mwandishi hapigi kelele. Hakuna zimwi lenye pembe. Ni ghala la nafaka tu, na wadudu.

Nilisimama kusoma. Nimekua kwa bibi yangu kijijini, najua sauti ya mahindi yaliyoingiwa. Ukiweka sikio kwenye kihenge unasikia kama mtu anatafuna mbali. Bibi alikuwa akitoa ungo, anakaa mlangoni, anapepeta bila kusema neno, na sisi watoto tulikuwa tunajua mwaka huo hautakuwa mzuri kabla mkubwa yeyote hajatuambia. Huyu Mmarekani aliyajua wapi haya? Sura moja ile imenionyesha dunia inayooza kuliko vita vyote vya vitabu vilivyotangulia. Na ukiiweka karibu na yule anayeoga Caemlyn, mmh. Sitaki kusema alikusudia. Lakini inawezekana alikusudia, na hapo ndipo hasira yangu inapoanza kukosa pa kushika.

Halafu shoka. Hapa ndipo niliponyamaza kabisa. Katika kitabu cha kwanza kabisa, Elyas, mzee anayeishi na mbwamwitu, alimwambia Perrin abaki na shoka lake muda wote anaolichukia. Siku akiacha kulichukia, alitupe mbali akimbie. Nilikisoma kipande kile siku ile ya mvua, kikapita kama maneno mengine ya wazee. Sasa, vitabu tisa baadaye, Perrin amewakamata Shaido na anataka kujua mkewe yuko wapi. Anainua shoka, anamkata mmoja mkono. Anafanya kwa utulivu. Anawaeleza maisha ya kilema anayeombaomba yatakavyokuwa. Kijana yule mpole, fundi wa kuhunzi, aliyekuwa anaogopa kuumiza watu kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake. Kisha anatoka nje, analirusha shoka, linazama kwenye shina la mti, analiacha hapo hapo.

Basi. Hakuna hotuba. Nililia kidogo, sitaficha. Abiria wa pembeni akanipa kitambaa cha karatasi akidhani nimepokea taarifa mbaya.

Kwa hiyo nyota nne? Hata. Ngoja. Mwandishi anayeweza kuandika hilo shoka ndiye anayenikera zaidi, maana hana kisingizio. Asingekuwa na uwezo ningemhurumia.

Ila na mimi nimekula kwa urahisi. Nilipoweka cha tisa chini, cha kumi kilikuwa kimeshachapwa zamani. Wapo waliosoma kile cha tisa kilipotoka mwaka 2000, wakakaa hadi 2003, wakanunua kipya kwa bei ya dukani, wakakuta chai na vikao. Na bado walikipeleka namba moja kwenye orodha za mauzo Marekani! Kisha wakasubiri tena hadi 2005. Hao ndio wana haki ya kurusha vitabu kochini. Septemba 2007 Jordan akafariki, moyo ukiwa umeshambuliwa na ugonjwa wa amiloidosisi, hadithi haijaisha. Brandon Sanderson ndiye aliyemalizia kwa maelezo aliyoachiwa, na cha mwisho kilitoka 2013. Nikifikiria hivyo najisikia vibaya kumtukana marehemu kwa sababu ya bafu. Halafu nakumbuka kwamba zile kurasa za bafu zilikula muda wake, muda ambao kumbe hakuwa nao, na nachemka upya, safari hii kwa niaba yake.

Na ule mwisho! Egwene anapanda mashua usiku, anakwenda kuugeuza mnyororo wa bandari ya Tar Valon uwe kitu kisichovunjika. Hatimaye mtu anafanya jambo. Mapigo ya moyo yananipanda. Anakamatwa. Kitabu kimeisha. Hapo ndipo mama aliposikia kishindo.

Kesho yake nilipita kwa yule kaka wa vitabu nikiwa nimenuna. Nikamwambia kile cha kumi kibovu, anirudishie hata nusu. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, kitabu hakina gerentii." Halafu akainama chini ya turubai akatoa Knife of Dreams, cha kumi na moja, tayari imefungwa kwenye nailoni. "Nilikuwekea." Cha kumi aliniuzia elfu nane. Hiki anataka elfu kumi na tano, anasema kimekuwa adimu. Adimu wapi! Ameniangalia usoni tu akajua.

Nyota tatu, basi, na moja kati ya hizo ni ya fukusi. Wa kuruka kitabu hiki aruke, lakini asiruke So Habor, na asiruke shoka. Kwa hiyo sijui atarukaje.

Elfu kumi na tano nimetoa. Kiko mapajani sasa hivi, niko ukurasa wa mwanzo mwanzo, na Galad, kaka yake Elayne, ameshachomoa upanga.