Waya wa dishi la intaneti: kagua moyo wake kabla hujalipa

Juni iliyopita, siku za mwisho kabla ya tarehe 30, saiba yangu hapa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, ilijaa watu wa kujaza ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Kurasa zilifunguka vizuri. Mtu akibofya kutuma tu, taa ya kurusha kwenye modemu inazimika, tunasubiri iwake, tunaanza upya. Mzee mmoja alivuka kutoka kisiwa cha Mageta mara tatu, nauli ya boti kila safari. Bado inaniuma. Nililaumu mvua, nikalaumu setilaiti, nikanunua hata adapta mpya. Kumbe shida ilikuwa mita 40 za waya nilizonunua Kisumu kwa mkono wangu.

Waya wenyewe ulikuwa na maandishi yote yanayotakiwa: RG6, omu 75, yaani aina ya kawaida ya waya wa dishi. Fundi akakwangua moyo wake, ule uzi mnene wa katikati, kwa wembe. Shaba ikabanduka kama rangi ya kucha, na ndani yake chuma.

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Mawimbi ya setilaiti hupita kwenye ngozi ya moyo wa waya, kwa hiyo shaba kidogo ya juu inatosha na taa ya kupokea inawaka bila wasiwasi. Lakini modemu kama yangu hupitisha pia umeme wa volti 24 ndani ya waya huohuo, kwenda kulisha kichwa kinachorusha kule kwenye dishi. Umeme huo hutumia moyo mzima, na chuma huubana. Kichwa kikianza kurusha kinavuta zaidi, volti zinaanguka, kinazima. Tulipima mitambo ikiwa kazini: 24 kwenye modemu, 17 kwenye dishi.

Wenye Starlink hili haliwahusu, waya wao huja na kifaa.

Waya namba moja kwangu ni Belden 1694A, na sitafuti mwingine. Moyo wake ni shaba tupu, nyavu yake ya nyuzi inayouzunguka moyo imesukwa ikabana. Nimeupitisha ndani ya paipu ili jua lisiule, na tangu siku hiyo taa ya kurusha haijazimika mtu akituma faili. Bei yake ilinitoa jasho, zaidi ya mara tatu ya ule wa kwanza, lakini hesabu wateja waliorudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Wa pili ni Webro WF100 wa Uingereza, nao ni shaba mpaka ndani. Ukiupata, chukua.

Ile RG6 ya bei ya chini ifungie televisheni. Yenye moyo wa aluminiamu usiiguse.

Koneta nazo nunua za kubana kwa mashine, si za kuzungusha kwa mkono. Juu yake funga utepe wa raba unaojigandisha, maana mvua za jioni za huku ziwani hupenya kila upenyo. Na uzime modemu kabla ya kufungua koneta yoyote.

Sasa wauzaji. Ukitaja setilaiti, bei inapanda ukiwa umesimama palepale. Ukiomba ncha ikatwe uone ndani, unaambiwa, "Madam, hii ni original, usinikatie mali." Mali ya nani, ikiwa nalipa kwa mita? Mimi siku hizi naenda na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Moyo ukinata, ni chuma. Usiponata, kwangua kwa wembe: ukiona weupe ni aluminiamu, wekundu ukiendelea ni shaba.

Akikataa hata hilo, ondoka. Na kama ulishanunua, unganisha moyo na nyavu upande mmoja wa waya, pima kwa multimita upande wa pili kabla hujaufunga popote. Mita 30 za shaba halisi husoma karibu omu moja. Ikipita tatu, rudi dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti.