Dar mpaka Nairobi kwa IST: lami yetu na ya jirani

Wadau, wiki jana nimetoka Dar saa kumi alfajiri na gari yangu ndogo, Toyota IST, mi na wife na binti, tunawahi harusi ya binamu Nairobi. Tumepita Chalinze, Segera, Arusha, Namanga. Nimwage hapa maana kila mtu ana lake kuhusu barabara zetu na za Kenya.

Kimara mpaka Kibaha siku hizi raha, njia nane, sio enzi zile unazeekea Mbezi. Kimbembe ni Kibaha hadi Chalinze. Malori ya Zambia na Kongo yamefuatana kama siafu, kuovateki roho mkononi, na ukikaribia mizani ya Vigwaza ndo kabisa. Ukikata kulia pale Chalinze mengi yanaendelea zao Moro, unapumua.

Segera mpaka Same ndo kipande bora cha safari nzima, naipa tisa kwa kumi. Mkonge huku na huku, Usambara kulia kwako, gari inateleza tu. Ile moja nimeikata kwa sababu ya vibao vya mwisho spidi 50. Yaani nyumba nne na mbuzi, 50! Unatambaa weee, kibao cha kumaliza hukioni, ukijisahau ukakanyaga mafuta kidogo tayari umeshapigwa tochi, ile mashine ya trafiki ya kupima spidi. Mi nilikutwa na 61, elfu 30 ikaenda, kosa langu silalamiki (nalalamika kidogo).

Namanga fasta, kugonga kutoka na kuingia ni jengo moja. Ila gari hakikisha una ile kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka, bima ya huku peke yake haitoshi.

Sasa Kenya. Lami ya Namanga mpaka Kajiado nzuri, sitaki uongo, shida yao matuta. Tuta halina rangi wala kibao, limefanana na lami yenyewe, na giza lilishaanza kuingia. Kabla ya Kitengela nikalivaa moja mzimamzima, chini kwa gari ikalia krrraaa, chipsi za binti zote zimemwagika kwenye siti, wife kimya, na kimya chake nakijua. Nikapaki pembeni nikainama na tochi ya simu kucheki kama oili inavuja. Kumbe ni ile kava ya plastiki ya chini imekwanguka. Kitengela yenyewe foleni, matatu zinapita kwenye vumbi kama hawatuoni.

Ila Mlolongo nikapanda ile ekspreswei yao ya juu, ya 2022, kilomita 27 mpaka Westlands, unalipia lakini aisee, hapo wametuacha. Kama huna shilingi za Kenya pita chini ukakae na foleni yao.

Kwa hiyo safari ndefu lami yetu inashinda, kuingia mjini wao wanashinda. Jumapili tunarudi, na safari hii Kitengela napita mchana, lile tuta nimeshaliwekea alama kwenye ramani ya simu.