Puli ya Asilimia 15 au 19 kwa Mini Cooper S
Katika Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006, yenye injini ya lita 1.6 na supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya Eaton M45, puli ya supachaja (gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda wa injini) iliyopunguzwa kipenyo kwa asilimia 15 huongeza mizunguko ya supachaja kwa takriban asilimia 18, ilhali ile ya asilimia 19 huiongeza kwa takriban 23. Nyongeza hiyo ya mwisho ina gharama: hewa hutoka ya moto zaidi, injini hukaribia kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda), na mkanda, ukiwa umekumbatia puli ndogo zaidi, huweza kuteleza na kuacha vumbi jeusi. Kwa gari la kila siku nachagua 15 bila kusita. 19 inalifaa gari la mashindano lenye intakula (kipoza-hewa iendayo kwenye injini) kubwa.