Chakula cha mwezi Nairobi: supa gani ianze, gani ifuate

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu kuna mfuko wa risiti. Kila risiti nimeiandika kwa kalamu sehemu mbili: juu, vitu nilivyoenda kununua, chini, vitu vilivyofika nyumbani. Wino wa risiti hufifia upesi, hasa zikikaa karibu na jiko, kwa hiyo siku hizi nazipiga picha pia. Risiti hizo ndizo zilizonifundisha kwamba swali la "supa gani ni bei nafuu?" halina jibu moja. Supa inayonishinda kwa unga inanifaa kwa mafuta, na ile yenye mafuta ya bei nzuri huniuzia nyanya kana kwamba zimepandwa kwenye chungu cha dhahabu.

Mpango ninaouandika hapa ni wa nyumba ya watu wanne au watano inayonunua vitu vikubwa mara moja kwa mwezi na vidogo kila siku mbili tatu. Nakaa upande wa Thika Road, na hilo limeathiri nafasi nilizotoa. Ukikaa Lang'ata au Embakasi huenda namba mbili yako ikawa namba moja, kwa sababu nauli nayo ni sehemu ya bei. Ukiokoa shilingi 120 kwenye mafuta ya kupikia kisha ukapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, umemnunulia makanga chai.

Kabla ya kulinganisha supa, linganisha uzito

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bila kujua. Paketi za maziwa hukaa pamoja kwenye friji, zinafanana kwa rangi na kimo, lakini moja ina mililita 500 na jirani yake ina 450. Tuseme ya kwanza ni shilingi 60 na ya pili ni 56. Mkono utaenda kwa ya 56. Piga hesabu kwa lita: ya kwanza inakuja 120, ya pili inapita 124. Nyumba inayotumia paketi tatu kwa siku itaihisi tofauti hiyo kabla mwezi kuisha.

Sabuni ya kipande ndiyo mjanja zaidi. Cha gramu 800 na cha kilo moja hulala rafu moja, urefu unakaribiana, na bei zimeandikwa kwa herufi kubwa huku uzito ukiwa kwenye kona ya karatasi. Mkate nao una gramu 400, 600 na 800, na si kila mara mkubwa huwa nafuu kwa gramu. Simu yako ina kikokotoo. Simama hapo hapo kwenye rafu, gawa bei kwa uzito, na usimwonee haya kijana wa kupanga bidhaa anayekutazama.

Kingine ni kodi. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi VAT, lakini sukari, mafuta, sabuni na biskuti vina asilimia 16 ndani yake. Kwa hiyo mwezi ambao risiti yako imefura, angalia kwanza vile vitu vyenye kodi. Unga ni nadra kuwa ndio mkosaji.

1. Naivas

Naipa nafasi ya kwanza kwa kikapu kizima, ingawa haishindi kila kitu. Ilianzia Rongai, kaunti ya Nakuru, mwaka 1990, na sasa ina matawi zaidi ya 100. Wingi huo ndio nguvu yake kwa mnunuzi: naifikia kwa miguu, narudi na toroli ya kukokota, sijalipa nauli. Bei zake za unga, mchele na sukari huwa zimekaa katikati, hazinishtui kwa wema wala kwa ubaya, na bila ofa kubwa ya kunivuta mimi hutoka na vile nilivyoandika juu ya risiti. Kwangu hilo lina thamani. Risiti zangu za Naivas ndizo ambazo orodha ya juu na ya chini zinakaribiana zaidi.

Udhaifu: matawi hayafanani. Lile la ndani ya jengo la kifahari na lile la stendi ya matatu yana jina moja, lakini upya wa mboga na urefu wa foleni ni dunia mbili. Lijue tawi lako kabla ya kulisifu.

2. Carrefour

Najua mtanipigia kelele. Wapo wanaoapa kwamba Carrefour ni namba moja, na kwa kitu kimoja kimoja wana haki. Mafuta ya lita tatu au tano, sabuni ya unga ya mfuko mkubwa, karatasi za choo za fungu, pampasi: siku za ofa ni vigumu kuipita. Ilifungua duka lake la kwanza Kenya mwaka 2016 pale The Hub, Karen, chini ya kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, na ikaingia majengo mengi yaliyoachwa na Nakumatt, supa kubwa ya Kenya, ilipokuwa inaanguka. Ile ya TRM, yaani Thika Road Mall, ndiyo yangu.

Bei hizo hazishuki kutoka mbinguni. Mwishoni mwa 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza Carrefour faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyotumia nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia. Makato waliyolazimishwa kutoa yalikuwa miongoni mwa malalamiko. Sikwambii usiende. Nakwambia tu kwamba unapoona kibandiko chekundu, punguzo hilo huenda linatoka kwenye mfuko wa msambazaji.

Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu ya ukubwa wake. Ili ufike kwenye unga unapita televisheni, masufuria, nguo za watoto na harufu ya kuku wa kuchoma. Risiti yangu ndefu kuliko zote imeandikwa juu "mafuta, sabuni". Chini yake kuna vitu kumi na tisa, pamoja na kikaangio ambacho hadi leo hakina kifuniko. Dawa niliyoipata ni ya kizamani: naenda nimeshiba, bila watoto, na nabeba kikapu cha mkononi badala ya toroli. Mafuta ya lita tano mawili yakiingia kikapuni, mkono wenyewe utakuambia tuondoke.

3. Quickmart

Kwa mboga na matunda ya supa, hii ndiyo ninayoiamini, na baadhi ya matawi yake hayafungi usiku. Ukitoka kazini saa nne usiku na nyumbani hakuna hata kitunguu, hutauliza mara mbili kuhusu bei. Iliungana na Tumaini, supa nyingine ya Kikenya, na watu wa Eastlands bado wanaikumbuka kwa jina hilo. Bidhaa kavu sizinunui hapa kwa wingi.

4. Duka la jumla, na Nyamakima

Ningeliweka juu zaidi kama kila mtu angekuwa na pesa taslimu mwanzoni mwa mwezi na mahali pakavu pa kuweka vitu. Beli ya unga ni paketi 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Ukiinunua kwa jumla, kila paketi inateremka shilingi kadhaa. Lakini kilo 24 za unga katika chumba chenye unyevu ni karamu ya wadudu. Majirani watatu wakichangia beli moja na kugawana paketi nne nne, mambo yanakuwa mepesi.

Unga una historia ya kupanda bila hodi. Mei 2017, bei ilipokuwa imepanda, serikali iliingilia kati ikateremsha paketi ya kilo mbili hadi shilingi 90, na supa zikawa zinampa mteja paketi mbili tu. Julai 2022 ikateremshwa tena kwa ruzuku hadi 100, na kufikia Septemba ruzuku ikaondolewa. Aliyekuwa na beli moja chini ya kitanda alilala usingizi miezi hiyo.

Bei ndogo isikufumbe macho. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, na zilikuwa chapa za kawaida kwenye rafu za kawaida. Tazama alama ya ubora na tarehe kwenye paketi, na ukiusikia unga una harufu ya chumba kilichofungwa, uache hapo.

Kwa nafaka nzima, Nyamakima mjini haina mfano. Magunia yamefunguliwa midomo mbele ya duka: maharagwe ya nyayo, rosekoko na wairimu, ndengu, njahi, mchele wa aina zote. Chota kiganjani, mwaga pole pole, tazama mawe na maharagwe yaliyotobolewa. Kwenye mchele kuwa macho zaidi. Pishori wa Mwea huchanganywa na mchele mwingine wa bei ya chini, na ukiwa ndani ya gunia macho hayatofautishi. Vuta pumzi juu ya kiganja: pishori halisi unanukia kabla haujaguswa na maji. Nunua kilo moja, pika, ndipo urudi kwa kumi.

5. Chandarana

Ya viungo, dengu za aina nyingi, jibini na vitu vya nje. Ukihitaji iliki nzima nzuri au unga wa dengu wa bhajia, nenda. Kwa unga wa ugali na sabuni, pita tu.

Rafu inasema moja, keshia inasema nyingine

Hili halina nafasi kwenye orodha kwa sababu linaweza kukupata popote. Mwaka jana, katika supa ambayo sitaitaja, nilichukua mafuta ya lita tatu yaliyokuwa na kibandiko cha ofa. Keshia akapitisha chupa, mashine ikalia, bei ikatokea ile ya zamani. Tofauti ilikuwa shilingi 85. Nikasema. Kijana akatumwa kukagua rafu, akapotea dakika tano, foleni nyuma yangu ikaanza kufyonza meno. Aliporudi alikuwa na kibandiko chenyewe mkononi: "Ofa iliisha jana, madam, tulisahau kutoa." Nikalipa, nikiwa nimeona haya zaidi yao.

Nisingelipa leo. Siku hizi kila kitu cha ofa nakipiga picha pamoja na kibandiko chake kabla hakijaingia kikapuni, na nikifika kwa keshia natazama skrini, sitazami simu. Bei iliyobandikwa ndiyo waliyonialika nayo. Usahaulifu wao si deni langu. Ukionyesha picha kwa upole na kumwomba keshia amwite meneja wa zamu, mara nyingi bei hurekebishwa bila mjadala. Wasipoirekebisha, acha chupa hapo. Foleni ifyonze.

Pointi za kadi nazo zitumie mapema. Waliokuwa na kadi ya Nakumatt wanajua: duka likifa, pointi huzikwa nalo.

Mboga: usizitafute supa

Kwa ndizi za kupika, viazi, vitunguu na nyanya za wiki nzima, mimi huenda soko la Githurai 45 Jumamosi asubuhi, kabla ya saa tatu, wakati wauzaji bado wanataka kupunguza mzigo. Nyanya huuzwa kwa ndoo au kwa mafungu. Fungu la juu huwa limepangwa zuri kuliko la ndani, hivyo omba umwagiwe uchague mwenyewe. Viazi tazama vya kijani na vyenye macho yaliyochipuka. Hapa kilo haina nguvu sana, jicho ndilo mizani.

Ila sukuma wiki ya leo usiku hainunuliwi Githurai wala kwenye friji ya supa, ambako imefungwa kwa plastiki na mashina yamekauka. Hiyo ni ya mama mboga wa hapo nje. Anaikata ukimtazama, nyembamba kama nyuzi, kisu kikikimbia karibu na kidole gumba kiasi cha kunikosesha pumzi. Kwa gramu huenda anashindwa na soko. Lakini sukuma ya shilingi ishirini iliyokwisha kukatwa, nyanya mbili na dhania ya bure juu yake, hakuna toroli inayoweza hilo.

Jana, tarehe 27, nilisimama kwake na mfuko mtupu.

"Nikukatie ya ngapi, mama?"

"Ya thelathini."

Akaendelea kukata bila kuinua macho. "Uko nayo ama niandike?"

Akaandika, kwenye daftari lenye jalada lililolowa, chini ya deni la jirani yangu wa ghorofa ya tatu.