Viungo vya siri vya chili: cha kununua, na chumvi usiyoiona

Tangu niandike kuhusu chili ya nyama ya kusaga, ule mchuzi mzito wa Kimarekani wa nyama na pilipili, wasomaji wamekuwa wakinililia jambo moja: imetoka na chumvi kama maji ya bahari, na mpishi anaapa hakutia hata punje. Namwamini. Muulize alitia nini, atakuambia kijiko cha mchuzi mix, kyubu moja ya ladha ya nyama, sosi ya soya kidogo, na pilau masala ya kumalizia. Kila kimoja kilikuja na chumvi yake.

Kwenye mchuzi wa dakika ishirini hilo halionekani sana. Chili hukaa jikoni saa moja na nusu, mara nyingi mbili, moto mdogo, kifuniko kimeachwa wazi kidogo. Maji yanaondoka, chumvi haiendi popote. Sufuria iliyoanza imejaa ikishuka hadi nusu, chumvi katika kila kijiko imekuwa maradufu. Kwa hiyo sitakusumbua na rangi, harufu wala tarehe ya kuharibika. Hayo macho na pua yako yanayajua. Nimepanga viungo kwa swali moja tu: kinaleta ladha bila kuleta chumvi? Jibu liko nyuma ya pakiti, kwa herufi za kuumiza macho. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Chumvi ikiwa ya kwanza au ya pili, umenunua chumvi iliyotiwa rangi.

Halafu wale mnaofuata mapishi ya Marekani, sikilizeni. Yakisema vijiko viwili vikubwa vya unga wa chili, hayamaanishi pilipili ya unga tunayouziwa sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Ule wao ni mchanganyiko: pilipili kavu isiyo kali sana, jira, oregano na kitunguu saumu, wa aina aliyoanza kuiuza William Gebhardt, mhamiaji Mjerumani, kule Texas miaka ya 1890. Ya kwetu ni pilipili tupu. Tia vijiko viwili na watoto watalala njaa, na maji hayatawasaidia kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Wape maziwa. Changanya wako mwenyewe: paprika kwa wingi, jira nusu yake, oregano kidogo, na pilipili kali nusu kijiko cha chai.

Nambari moja ni hiyo jira, nzima, ile bizari nyembamba ya pilau. Bila jira una mchuzi wa nyama tu. Mimi hununua ya Tropical Heat na sioni aibu kuipendelea. Ya kupimiwa kwenye maduka ya Wahindi mjini pia ni nzuri ukipata gunia jipya. Iliyosagwa siitaki, hata yao. Ikishasagwa mafuta yake yanaanza kupotea, na kwenye unga huwezi kujua mmeingia nini. Punje unazimwaga kiganjani: vijiti unaviona, mawe unayaona. Zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukitikisa bila kuondoka. Zikianza kukolea rangi, zimwage kwenye sahani saa hiyohiyo. Ukiziacha kikaangoni hata moto ukizimwa, chuma kinaendelea kuziunguza na zinakuwa chungu. Ponda kwa kinu. Vijiko viwili vya chai vinatosha nusu kilo ya nyama.

Nambari mbili itawaudhi baadhi yenu: omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Wapishi wa chili wa ng'ambo hutia anchovi (samaki wadogo wa chumvi) au sosi ya samaki kisirisiri ili ladha ya nyama ikolee, lakini vyote viwili vimejaa chumvi. Omena wetu hukaushwa juani, na kwa kawaida hawatiwi chumvi. Toa vichwa, wakaange wakavu mpaka wavunjike kwa vidole, wasage wawe unga, kisha tia kijiko kimoja cha mezani wakati vitunguu vinageuka kahawia. Ukitia mwishoni, harufu ya ziwa itafika mezani kabla ya sahani. Mgeni mwambie, maana kuna watu samaki huwadhuru.

Kasoro ya omena ni mchanga. Waliokaushwa chini ufuoni hawatakati hata uwaoshe vipi, na ukishasaga, mchanga umeingia kwenye kila tonge. Kabla ya kununua wengi, chukua konzi moja, koroga kwenye bakuli la maji, watoe, kisha pitisha kidole chini ya bakuli. Waulizie waliokaushwa juu ya vichanja.

Na hapa lazima niseme kuhusu gorogoro, lile kopo la kupimia. Kuna magorogoro huko sokoni ambayo kitako kimebonyezwa ndani hadi unajiuliza kama ni kopo ama ni sahani. Ukilalamika unajibiwa, "Mama, hiyo ndiyo wote wanapimiwa." Ndiyo, wote tunapunjwa. Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa, bei hupanda na kitako hupanda nayo. Mimi siku hizi naomba mizani, na muuzaji akikasirika naenda kwa jirani yake.

Nambari tatu ni sukari nguru ya Kakamega. Nyanya za msimu wa mvua ni chachu, na kipande cha nguru chenye ukubwa wa kidole gumba kinaituliza ile chachu na kuacha ladha nzito ambayo sukari nyeupe haina. Chagua iliyokolea rangi, ngumu, kavu. Ile inayotoa maji kwenye karatasi imeshaanza kuharibika. Ukinunua nyingi usishangae muuzaji akikukonyeza, wapika chang'aa ni wateja wake wakubwa.

Baada ya hapo ni kakao, kijiko kimoja cha chai, na iwe kakao tupu. Ile ya kunywa usiku na maziwa ni sukari kwa sehemu kubwa. Kahawa nyeusi nusu kikombe badala ya maji, sawa. Mdalasini wa magome pia, kipande kimoja. Watu wa Cincinnati, Marekani, wana chili yao ya mdalasini inayomwagwa juu ya spageti, waliyoletewa na wahamiaji wa Makedonia tangu 1922, na mtu aliyekulia kwenye pilau hataiona ngeni.

Siagi ya karanga naiweka chini ingawa naipenda. Inafanya mchuzi ushikane, lakini za dukani nyingi zina chumvi na sukari, na mwaka wa 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa kadhaa kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya ukungu. Nunua karanga, chagua moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, saga.

Mwisho kabisa: mchuzi mix, kyubu na pilau masala za bei rahisi. Chumvi. Tusonge mbele. Ila wenye supamaketi wanisaidie: kwa nini hizi zinapangwa usawa wa macho, rafu nzima, na jira naipigia magoti chini kabisa karibu na sabuni? Na pakiti ibaki ukubwa uleule, picha ileile ya mama anayecheka, huku gramu zikipungua, nani alikubali?

Kama sufuria yako imeshaharibika wakati unasoma hapa, usihangaike kutia kiazi eti kinyonye chumvi. Kiazi hunywa mchuzi, na mchuzi unaobaki una chumvi ileile. Ongeza kisichokuwa na chumvi: nyanya mbichi, maji, na maharagwe. Texas, ambako chili ilitangazwa kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, watakuambia maharagwe ni dhambi, lakini wao hawalishi nyumba ya watu wanane Kondele kwa nusu kilo ya nyama. Tumia maharagwe aina ya wairimu au nyayo, na uyachemshe bila chumvi hadi yaive kabisa kabla ya kuyatia, kwa sababu yakikutana na chachu ya nyanya yakiwa bado magumu, utayapikia makaa ya wiki nzima.