Kuanza na gari ya umeme ya bei mbaya au ya bei poa? Tesla Roadster vs Nissan Leaf

Wengi wanadhani Tesla Roadster ya 2008 ilikuwa toy ya matajiri tu, kumbe ndo ilikuwa mpango wenyewe, na Elon Musk aliuandika wazi 2006: uza gari ya spoti ya bei ghali, hela itengeneze ya bei nafuu zaidi, hivyo hivyo mpaka ufike kwa mtu wa kawaida. Ilikuwa inauzwa kama dola laki moja, chasisi ikitokana na Lotus Elise, gari ya spoti ya Uingereza, na ziliuzwa kama 2,450 tu dunia nzima. Chache sana, ila betri wakati huo ilikuwa ghali balaa, sasa utamtwisha nani gharama kama sio mwenye nazo? Na ilikuwa inatembea kama kilomita 390 kwa chaji moja.

Nissan wao 2010 wakaja na Leaf, kama dola 33,000. Bei fresh, lakini betri ndogo, kilomita kama 117 hivi (na ukiwasha AC ujipange). Iliuza kuliko Roadster mbali sana, hata Nairobi zipo za mtumba kutoka Japani. Ila mtu akaizoea kama gari ya mjini ya kubana matumizi, hakuna aliyeiota usiku. Roadster watu waliiota, wakaja kulipia Model S, gari ya Tesla iliyofuata 2012.

Mi naona Nissan hakukosea bei, alikosea kubaki palepale.